Msaada Unaofika Maji Yakishakupwa

Tangu mkutano wa tabianchi wa Belém, Brazil, Novemba 2025, kuna gumzo kwenye mabaraza yetu ya kahawa hapa Mombasa kwamba ule mfuko wa dunia wa kuwalipa walioumizwa na mabadiliko ya tabianchi sasa umefunguliwa, na zamu ya Kenya imefika. Jirani yangu mmoja wa Kisauni, ambaye maji ya vuli ya 2023 yalimharibia friji, godoro na gunia la mchele alilokuwa ameliweka kwa ajili ya hitima ya babake, aliniuliza kwa dhati kabisa: hizo fomu zinachukuliwa wapi, kwa chifu au Huduma Centre? Swali lake si la kijinga. Miaka mitatu sasa amekuwa akiwasikia viongozi wakirudi kutoka mikutanoni na kutangaza kwamba dunia imekubali kulipa. Lakini hakuna fomu ya kuchukua, na hata ingekuwepo isingekuwa na nafasi ya kuandika friji.

Niseme mapema ninaposimama. Mfuko wa Hasara na Uharibifu ni haki yetu, na tuudai. Ila tumeufanya ndio habari yote, na hapo ndipo tunapopotoka. Ni mdogo, unalipa maafa yakishapita, na unazungumza na serikali, hauzungumzi na mtu mwenye godoro lililolowa. Msaada ambao nchi kama yetu ingefaa kuupigania kwanza ni ule unaoitangulia mvua: onyo linaloeleweka, mtaro unaopitisha maji, na pesa kidogo mkononi mwa yule anayeambiwa leo asitoke kwenda kazini. Huo ndio unaookoa roho kwa gharama ndogo, na ndio ambao wafadhili hawakanyagani kuutoa.

Tuuangalie mfuko wenyewe. Ulikubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, baada ya miaka thelathini hivi ya visiwa vidogo kuomba na nchi tajiri kulikwepa neno lolote lenye harufu ya fidia. Ulizinduliwa rasmi tarehe 30 Novemba 2023, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, na ahadi zikaanza kutolewa. Zilipojumlishwa zikafika takriban dola milioni 700. Ahadi, nasema. Benki ya Dunia ikapewa kazi ya kuutunza kwa miaka minne ya mwanzo. Belém ndiko ulikoita maombi kwa mara ya kwanza: dola milioni 250 kwa dunia nzima, kila ombi kati ya dola milioni 5 na 20, na angalau nusu ya fedha hizo zimetengewa nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo pamoja na visiwa vidogo. Kenya haimo katika orodha ya nchi hizo. Kwa hivyo tunagombania sehemu iliyobaki pamoja na kina Pakistan na Ufilipino, ambao mafuriko na vimbunga vyao havifanani na vyetu kwa ukubwa. Tuseme bahati ituangukie, tupewe kiwango cha juu, dola milioni 20. Zigawe kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Kila mmoja atapata shilingi hamsini na kitu. Chai na viazi karai. Najua fedha hizo hazigawanywi hivyo, zinakwenda kwa miradi. Nimepiga hesabu hii kwa sababu ndivyo tunavyozigawa barazani, kichwa kwa kichwa.

Sasa tuuweke kando mfuko huo, tutazame misaada kwa jumla. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia upunguzaji wa hatari za maafa ilipopiga hesabu ya miaka ya 2010 hadi 2019, ilikuta dola bilioni 133 za misaada zilihusiana na maafa. Zilizotumika kupunguza hatari kabla ya maafa kutokea zilikuwa bilioni 5.5. Yaani katika kila dola mia, nne na senti kidogo zilikwenda kwenye kinga, na zilizobaki zikaenda kwenye uokoaji, chakula, mahema na kujenga upya. Wala hii si tabia ya wafadhili peke yao. Hapa kwetu fedha za dharura hupatikana usiku mmoja, za mtaro husubiri bajeti ijayo, kisha ijayo tena. Kiongozi anayegawa unga na mablanketi kwenye shule iliyojaa watu waliohama makwao hupigwa picha. Kibarua aliyefunua mtaro mwezi wa pili, akatoa mchanga, akafunika na kwenda zake, hakuna aliyemwona.

Nyuma ya mazoea haya kuna imani, na kwa Kiswahili imani hiyo ina maneno yake: ajali haina kinga. Tuliyasema feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa, hali chombo kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake. Tunayasema kila mafuriko. Mfiwa ana haki ya kufarijiwa kwa maneno hayo. Serikali haina haki ya kujitetea nayo. Na jawabu la msemo huo liko katika nchi ambayo jina lake tumelibandika kwenye mtaa wetu mmoja wa Mikindani, kule Jomvu, mtaa wa mabati yaliyobanana unaoitwa Bangladesh. Nadhani waliouita hivyo walikusudia dhiki. Wangeingojea miaka kidogo, jina hilo lingekuwa na maana nyingine.

Novemba 1970, nchi hiyo ikiwa bado Pakistan Mashariki, kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua takriban 138,000, wanawake wengi kuliko wanaume. Mwaka 2007 kikaja Sidr, nacho hakikuwa kidogo. Kiliua takriban 3,400. Amphan ya 2020 ilipopiga, waliokufa upande wa Bangladesh walihesabika kwa makumi. Bahari haikuwa imepoa, na nchi haikuwa imegeuka Japani. Kilichobadilika ni kwamba tangu miaka ya mwanzo ya 1970 serikali na Hilali Nyekundu ya huko wamejenga jeshi la watu wa kujitolea, leo zaidi ya 70,000, kila kundi na eneo lake, bendera zake na kipaza sauti chake cha mkononi. Ofisi ya hali ya hewa ikitoa ishara, bendera hupandishwa, na mtu unayemjua kwa jina hugonga mlango wako. Majengo ya kukimbilia yalisimamishwa juu ya nguzo za zege, na siku za kawaida yakafanywa shule ili yasigeuke magofu. Kisha, baada ya 1991, waliuliza swali ambalo wengi hawaulizi: kwa nini wanawake walikufa zaidi? Wakakuta wengine walibaki nyumbani na watoto na mifugo wakingoja idhini ya mume, wengine waliona haya kubanana usiku kucha na wanaume wasiowajua. Wakatenga vyumba vya wanawake, wakaweka vyoo, wakaandikisha wanawake miongoni mwa wapiga mbiu. Ni mambo ya staha za watu wenyewe, na hakuna mtaalamu wa Geneva ambaye angeyajua kwa kuitazama ramani. Lakini fedha za nguzo zile za zege, kwa sehemu kubwa, zilitoka nje, tena kwa miaka mingi bila kukatika. Sisi tunapenda kubishana kama dawa ni msaada au ni juhudi zetu. Wao walichukua vyote viwili, na wakauleta msaada mapema.

Turudi nyumbani. Mombasa ni kisiwa, na mvua yetu haiji peke yake, ina mwenzake baharini. Mitaro ya mji mwisho wake ni baharini au kwenye hori zinazotuzunguka. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, mdomo wa mtaro unazama, na mvua inayonyesha saa hiyo haina pa kwenda ila kurudi vyumbani mwa watu. Mvua ileile ikinyesha maji yamekupwa, saa sita baadaye, hupita zake na watoto wakaichezea. Mvuvi yeyote wa Likoni anazijua siku za bamvua bila kuangalia simu. Lakini tahadhari inapotolewa husema mvua itazidi milimita 20 kwa saa 24.

Siku moja ya vuli ile ya 2023 nilikuwa nimekaa kwa mama anayeuza mahamri karibu na kwangu, ujumbe wa namna hiyo ukaingia kwenye simu yake, kwa Kiingereza. Nikamfasiria: mvua itakuwa juu ya kawaida. "Kawaida ya nani?" akaniuliza, huku akigeuza mahamri kwenye karai. Nilinyamaza. Siku mbili baadaye maji yalimzimia jiko na kumlowesha unga. Utabiri ulikuwa sahihi kabisa. Haukumwambia tu jambo ambalo angeweza kulitenda. Laiti ungesema mvua kubwa itakutana na bamvua Ijumaa saa kumi alasiri, angeupandisha unga juu ya kabati na asingewalaza watoto kwenye mkeka. Kulisema onyo namna hiyo hakuhitaji setilaiti mpya. Kunahitaji mtu wa idara ya hali ya hewa, nahodha mzee anayejua maji na mtangazaji wa redio ya Pwani wakae pamoja kila wiki za masika na za vuli, na apatikane wa kuwalipa nauli.

Mtaro wa mtaani kwetu nao ulikuja kuzibuliwa Desemba ya mwaka huo, maji yakishapita. Vijana wenye sepetu walitoa chupa za plastiki, nepi, vifuu, kandambili moja ya mguu wa kushoto, mfuko wa saruji ulioganda ukawa jiwe, na chini kabisa mchanga mgumu kama sakafu. Mbele kidogo hawakuweza kuendelea kwa sababu mtaro ulikuwa umejengewa duka juu yake. Hilo halikuletwa na moshi wa viwanda vya Ulaya. Nalitaja kwa sababu katika kila warsha ya hotelini kuhusu tabianchi na mji huu utasikia lile kadirio la mwaka 2008, kwamba bahari ikipanda kwa sentimita 30 asilimia 17 ya Mombasa, hekta 4,600 hivi, huenda ikazama. Ni kadirio la kutisha na inafaa litajwe. Lakini sijawahi kusikia warsha ikiuliza habari za lile duka.

Upande mwingine wa onyo ni mitambo, na hapo kwa kweli hatuwezi peke yetu. Kwa hesabu iliyotolewa miaka michache iliyopita, bara zima la Afrika lilikuwa na rada za hali ya hewa 37, ilhali Ulaya ilikuwa na 345 na Amerika Kaskazini 291. Wingu la mvua likijiunda juu ya bahari ya Hindi usiku, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kuambiwa na kushtukizwa. Mwaka 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza mpango wa kumfikishia kila binadamu tahadhari za mapema kabla mwaka 2027 haujaisha, kwa gharama ya dola bilioni 3.1 kwa miaka mitano. Ukilinganisha na zile bilioni 133, ni fedha ndogo. Tume ya dunia iliyochunguza namna ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi ilikadiria mwaka 2019 kwamba onyo la saa 24 tu linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30.

Hata hivyo tusichanganye mtambo ulioko kwetu na mtambo ulio wetu. Mwaka 1985, njaa ya Ethiopia ikiwa bado machoni, Marekani ilianzisha mfumo wa kutabiri njaa uitwao FEWS NET, na kwa miaka arubaini hivi serikali na mashirika ya ukanda huu wakauzoea kama mtu anavyozoea taa ya jirani inayomulika uani kwake. Januari 2025 utawala mpya wa Washington ulisimamisha misaada ya nje na mfumo ukazimwa, tovuti na vyote. Ulirudi baadaye mwaka huohuo kwa sehemu. Waliouzima hawakuwa na ugomvi na mfugaji wa Marsabit, hawakumfikiria kabisa. Kwa hivyo tunapoomba rada tuombe pia fundi wa kuitengeneza, wa kwetu, na mshahara wake kwa miaka kumi. Rada iliyokufa kwa kukosa kipuri ni mnara tu.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya haki, na siipuuzi. Wanaoishikilia husema kuwa ukitanguliza kinga unawafungulia wachafuzi mlango wa nyuma: wataleta semina na vipaza sauti, waseme wamelipa. Afrika nzima inatoa asilimia 4 hivi ya hewa ukaa ya dunia, na Kenya ndani yake ni tone. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitoa maoni kuwa nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na inayoukiuka inaweza kudaiwa fidia. Na Msumbiji wanakumbuka kilichofuata kimbunga cha Idai cha Machi 2019, kilichopiga mji wa Beira na kuua zaidi ya watu 600 nchini humo: mwezi uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa nchi hiyo dola milioni 118, kwa mkopo. Aliyegongwa akakopeshwa pesa za hospitali. Sisi wenyewe mwaka 2018 tulikubaliana na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 200 wa kuchotwa maafa yakitokea. Ulikuwa mpango wa busara, ila ni deni vilevile, na tunajua madeni yametufikisha wapi.

Nayakubali yote hayo, na bado naona yanaelekea upande wangu. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba kufikia 2035 nchi zinazoendelea zitahitaji kati ya dola bilioni 310 na 365 kwa mwaka ili kuhimili mabadiliko haya. Mwaka 2023 zilipokea kutoka serikali za nje bilioni 26, zimepungua kutoka 28 za mwaka uliotangulia. Hapo ndipo penye deni kubwa. Tukikaza macho kwenye fidia peke yake, tunamruhusu mdaiwa wa mamia ya bilioni aweke milioni 250 mezani na apigiwe makofi. Kinga kama ruzuku, isiwe mkopo, ndiyo dai la haki lenye uzito zaidi, kwa kuwa linahesabika na halingoji kwanza maiti zipatikane.

Wengine huja na bima. Sina mengi hapa. Bima ya maafa ya serikali ina nafasi yake, lakini Malawi walikata bima kwa taasisi ya Umoja wa Afrika, ukame wa 2015/16 ukawapiga, na modeli ya kompyuta ikasema hali si mbaya kiasi cha kulipwa. Baadaye ikagundulika modeli ilikosea aina ya mahindi yanayolimwa, na dola milioni 8.1 zikatoka mwanzoni mwa 2017. Mtu hali modeli, na njaa haikumsubiri aliyekuwa akiisahihisha.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi zaidi vijiweni, ni kwamba msaada usije kabisa kwa sababu utaliwa. Kwamba pesa za umma huliwa, hakuna Mkenya wa kumfundisha mwenzake. Lakini ziliwe lini kwa urahisi zaidi? Zinaliwa wakati wa dharura, zabuni zinapopitishwa usiku, blanketi linaponunuliwa kwa bei ya zulia, na hakuna wa kuhesabu magunia kwa sababu watu wana njaa. Mtaro hauliwi hivyo. Una urefu na kina, na bibi yeyote wa mtaa anaweza kwenda na fimbo yake akapima. Halafu tuna mifano karibu. Gazi, hapo Kwale, wanakijiji wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko tangu 2013 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo kwa wanunuzi wa nje, na fedha zinazoingia zimekwenda kwenye maji na shule, kwa uamuzi wa wenyeji. Mikoko ileile inavunja nguvu ya mawimbi. Kiasi ni kidogo, ndiyo, lakini kinajibu swali la nani anaweza kushika pesa za wageni bila kuzila. Na mpango wa FLLoCA, wa kugharimia kazi za tabianchi zinazoamuliwa mashinani, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na nchi kadhaa za Ulaya, unazitaka kaunti zetu zitenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya tabianchi na kuunda kamati hadi kwenye wadi. Anayeogopa wizi aende akakae kwenye kamati ya wadi yake. Ni kazi ya kuchosha kuliko kulalama, najua.

Ndugu wa hoja hiyo ni ile ya "wahame basi". Masika ya 2024, mafuriko yalipoua karibu watu 300 nchini, nyumba za kandokando ya mito ya Nairobi zilibomolewa na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Wahamie wapi? Hapa Mombasa tuna mtindo wetu wa tangu jadi, nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Mwenye nyumba kama hiyo hana hati ya kuipeleka popote. Fidia ikija itamuuliza hati. Bima itamuuliza hati. Hata mkopo wa kuinua msingi utamuuliza hati. Onyo peke yake ndilo lisilouliza hati, na mtaro hauulizi pia. Ukifanya kazi unapitisha maji ya mwenye hati na asiye nayo. Mjadala wa maafa Pwani bila ya mjadala wa ardhi ni nusu mjadala, lakini nusu hiyo haifai kungojwa na ile nyingine, maana suala la ardhi hapa limeanza kabla ya babu zetu na masika ni ya kila mwaka.

Linabaki suala la pesa inayotangulia, na kwangu hili ndilo pengo kubwa. Mei 2024 kimbunga cha Hidaya kilipokaribia, serikali ilisimamisha uvuvi na shughuli zote za ufuoni. Ulikuwa uamuzi sahihi. Kimbunga kikatua Mafia, Tanzania, tarehe 4, kikafifia, na kwetu tukapata zaidi upepo na mawimbi. Baadaye ilikuwa kicheko: kimbunga kilipotelea wapi? Waliocheka wengi wao ni wenye mishahara. Mwenye ngalawa alikuwa amepoteza mapato ya siku kadhaa kwa kutii, hakuna aliyemrudishia hata senti, na siku nyingine akiambiwa asitoke atafanya hesabu ya chungu chake kabla ya hesabu ya upepo. Onyo linalogharimiwa na maskini peke yao halidumu. Julai 2020, tena Bangladesh, Umoja wa Mataifa ulitoa dola milioni 5.2 kwa kutegemea utabiri, kabla mafuriko hayajafika kileleni, na maelfu ya familia zikapokea pesa taslimu kwa simu, zikahamisha mifugo na kununua chakula duka likiwa bado wazi. Sisi tuna M-Pesa tangu 2007. Tena Kenya yenyewe hulipa kaya za kaunti za kaskazini kwa njia inayofanana na hiyo: picha za setilaiti zikionyesha malisho yamekauka, malipo yanapanuliwa yafikie wengi zaidi. Kinachofanyika Wajir kwa ukame sioni kwa nini kisifanyike Likoni kwa kimbunga na Kisauni kwa mafuriko. Ombi la namna hiyo, kwa mfuko wowote ule, lingekuwa na uzito kuliko orodha ya hasara tuliyozoea kuiandika Desemba.

Jirani yangu nilimweleza haya kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa, na sidhani kama nilimridhisha. Alinipeleka ndani akanionyesha friji mpya, ya mtumba, ameiweka juu ya matofali manne kila pembe, imekaribia dari hata kufungua mlango wa juu mkewe hupanda kigoda. Nikamuuliza kwa nini manne. Akasema maji ya 2023 yangefika la tatu.